Hoteli Iliyohamia Kamalondo

Mama Domitille hakuweza kula peke yake. Bukari, ule ugali wa kwao, ikishafika mezani na kiti cha pili kikawa kitupu, alitoka barazani na kumwita wa kwanza aliyepita, awe muuza makaa, awe mama wa kwaya, awe mtu aliyepotea anayetafuta avenyu nyingine. Baba yake alitoka Kongolo, kaskazini mwa Katanga, akaja Lubumbashi kufanya kazi ya reli. Mumewe naye alikuwa fundi wa vichwa vya treni mpaka Mungu alipomchukua.

"Mu nyumba ya muntu wa reli," alizoea kusema, "haujue treni itakuletea nani. Unapika tu, halafu unangoja."

Shida ni kwamba treni zilikuwa zimeacha kuja. Ulikuwa mwaka 1991, nchi ingali inaitwa Zaire, na mambo yalikuwa yanasimama moja baada ya jingine: treni, migodi, mishahara, taa za barabarani. Watoto wake walikuwa wametawanyika, huyu Kolwezi, yule Kitwe ng'ambo ya mpaka. Ile nyumba ya matofali mekundu ya mtaa wa Kamalondo ilibaki na vyumba vitatu na mwanamke mmoja, na Domitille aliona haya mbele ya majirani, kama mtu aliyepika chungu kizima akakosa wa kumpakulia.

Basi mwezi wa kumi mwaka huo wanajeshi waliochoka kungoja mishahara wakaanza kupora mji, na raia walipoona milango imekwisha kuvunjwa, wakasema haifai kuacha vitu vilowane. Kufikia adhuhuri avenyu yao ilikuwa kama njia ya siafu, wengine wakienda mikono mitupu, wengine wakirudi na mizigo kichwani.

Hoteli kubwa ya katikati ya mji ilikwisha kwa siku moja. Wala haikuchomwa, ilibebwa. Mama Hortense, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye Domitille aligombana naye kila Jumatatu na kupatana naye kila Jumapili, alipata bafu jeupe la kuogea, akalowekea mihogo. Chadrack, fundi cherehani, alirudi amejizungushia mapazia ya mgahawa kiunoni, shingoni na kichwani, hata watoto wakamkimbia wakidhani ni mzimu. Kilikuwa kitambaa kizito cha kijani, chenye korongo weupe wanaoruka.

Domitille alikaa ndani na rozari yake. Lakini jioni mkwewe Mwaba, mume wa binti yake mdogo, yule pekee aliyebaki mjini, akaingia uani na vijana wenzake wamebeba kitanda kikubwa cha watu wawili pamoja na godoro lake la springi.

"Rudisha hii kitanda kwenye uliikamata!" Domitille akapaza sauti.

"Kwa nani, mama? Kule hakuna tena hata mulango ya kupiga hodi."

"Mi sitalala mu bwizi!"

"Basi usilale. Mi naiacha apa."

Kitanda kikabaki uani usiku kucha, na Domitille hakukigusa. Kesho yake wingu jeusi likapanda upande wa Kasumbalesa, mpakani. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu. Domitille alisimama mlangoni akitazama lile godoro jipya, akawaza kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu, na kuiacha mali ya mtu ilowe ni dhambi pia. Akawaita Hortense na Chadrack wamsaidie kukiingiza ndani. Si kwamba alikichukua; alikihifadhi tu. Juma la kwanza alikihifadhi kwa kukitandika shuka. Juma la pili alikihifadhi kwa kukilalia, kusudi panya wasiingie.

Mvua zilikuwa zimeshika kasi siku mtu mfupi mwenye tai na viatu vyenye matope alipotokea mwanzo wa avenyu, akitembea polepole na kutazama kushoto na kulia. Hortense akatupa kanga juu ya bafu lake la mihogo. Mtu huyo alikuwa Liévin, mkurugenzi wa hoteli. Zamani alipita kwa gari. Gari nalo lilikuwa limeondoka siku ile ile ya uporaji.

Alipofika mbele ya nyumba ya Domitille, bukari ilikuwa mezani na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Domitille alimjua. Lakini ulimi ulikuwa na mazoea yake.

"Ba Directeur, karibu. Kuya ukule."

Liévin alikula bukari na mboga za lengalenga na samaki wadogo wa kukaanga, akaongezewa, akamaliza, akaongezewa tena. Alikunywa maji katika bilauri ambayo Hortense alikuwa amemgawia Domitille. Aliitazama bilauri ile kwa muda mrefu, akaiweka chini. Mvua ilipomzuia kuondoka, Domitille akamwambia ajinyooshe kidogo chumbani. Aliporudi sebuleni saa kumi jioni uso wake ulikuwa na alama za shuka, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepumzika kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

"Ba mama," alisema taratibu, "hii kitanda mi naijua."

"Eyo," Domitille akajibu. "Ni ya kwako. Ilikuya na mvua."

Liévin akakaa. Domitille alingoja atoe jina la kamanda fulani au la jela fulani. Badala yake Liévin akaanza kucheka, kicheko kidogo kinachofanana na kwikwi, akaeleza hali yake. Mwenye hoteli alikuwa amekimbilia Ndola, Zambia. Jengo halikuwa na mlango, wala dirisha, wala bati nusu ya paa. Lakini wageni walikuwa bado wanakuja, hasa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini waliofuata unga na malori yanayotoka mpakani. Walikuwa wamezoea kulala kwake, na hoteli nyingine nazo zilikuwa zimebebwa vilevile. Jana mmoja alilala ndani ya lori juu ya magunia.

"Lete yeye apa," akasema Domitille.

"Apa?"

"Kitanda yake si iko apa?"

Liévin akainuka. Akatoka barazani, akaitazama avenyu kama mtu anayesoma barua ndefu. Hortense, kwa woga, alimpungia mkono kutoka ng'ambo akiwa amekaa juu ya bafu.

"Ni kweli," Liévin akasema mwishowe. "Hoteli yangu yote iko Kamalondo. Ni nyumba tu ilibakia kule."

Mkutano ulifanyika barazani kwa Chadrack Jumapili baada ya misa, na haukuwa mwepesi. Walikubaliana kwamba kila nyumba yenye kitanda cha hoteli ipokee mgeni kwa zamu. Hapo akasimama katekista, mzee Mumba, ambaye siku ya kupora mji alikuwa amejifungia kanisani akisali.

"Mi sikuiba kitu," alisema. "Sasa ndjo sababu sitapata mugeni? Muizi ndjo anakuwa hoteli, mi muntu wa Mungu nakuwa nini?"

Watu wakainamisha vichwa. Hoja ilikuwa nzito. Domitille ndiye aliyeikata. Wenye vitanda walaze, wasio na vitanda wapike chakula cha asubuhi, na jioni ya kwanza ya kila mgeni avenyu yote itoke kumpokea, kwa sababu mgeni akila kwa mtu mmoja anakuwa mgeni wa mtu mmoja, na mwaka ule hakuna mtu mmoja aliyekuwa na unga wa kutosha. Wageni wangelipa kwa vitu: unga, chumvi, sabuni, samaki wakavu. Noti za wakati ule zilizeeka mfukoni kabla hujafika sokoni. Vitu hivyo vingegawanywa na kamati, na katekista akawa mwenyekiti, ili naye apate heshima yake.

Liévin akajitwika kazi ya kuwafundisha. Alipita nyumba hadi nyumba akionyesha jinsi ya kukunja pembe za shuka, jinsi ya kupiga hodi na kungoja kujibiwa. Aligundua kwa Hortense rundo la vibao vya kutundika mlangoni vilivyoandikwa *Ne pas déranger*, akavigawa, kila nyumba kimoja.

"Mugeni akitundika hii inje," alieleza, "maana yake: mutu asinisumbue."

"Na akisikia njaa?" Domitille akauliza.

"Atatoka mwenyewe."

"Na akigonjwa?"

"Ba mama, hatagonjwa."

"Na akifa?"

Liévin akafuta jasho, akaenda nyumba inayofuata.

Mgeni wa kwanza wa Domitille aliitwa Donat, mfanyabiashara wa Butembo, mtu mrefu, Mprotestanti, mwenye sauti ya kuhubiri. Avenyu ilimpokea ipasavyo: ngoma, kwaya, hotuba ya katekista iliyomtaja Abrahamu na wageni wake watatu, na mbuzi mdogo ambaye Donat alielewa baadaye kwamba amemnunua yeye mwenyewe. Alicheza, akala, akacheza tena. Domitille alikaa mkabala naye mpaka alipomaliza sahani, kwa sababu kumwacha mgeni na sahani yake ni kama kumwambia ajitegemee.

Siku ya tatu Donat alipata habari kwamba malori yake yamekwama Kasumbalesa kwenye foleni isiyo na mwisho. Asubuhi hiyo alikunywa chai tu. Akaingia chumbani, akafunga mlango, na kwa mazoea ya mtu aliyezunguka hoteli nyingi, akatundika kile kibao nje.

Domitille alikuta kibao akiwa amebeba maji ya kuoga. Alikisoma neno moja moja, kwa Kifaransa alichofundishwa na masista. Akasikiliza. Kimya. Akatua ndoo, akavuka barabara karibu kukimbia.

"Hortense! Mugeni amejifunga. Mchana! Anaandika asema bantu basimukaribie."

Hortense akashika kifua. Kamalondo, mtu anayefunga mlango mchana na kukataa watu ana mambo mawili tu: ama amefiwa, ama anataka watu wake wafiwe naye.

"Alikula?"

"Chai. Bila mukate."

"Yaya," Hortense akasema kama anayemwita dada yake mkubwa, "huyu amepata habari ya kifo kule kwao. Na hana ndugu hata mumoja apa mujini."

Ndiyo hiyo iliyowauma: hana ndugu. Nusu saa haikupita, uani kwa Domitille palikuwa pamejaa. Wanaume walileta viti na kuni za kukesha matangani. Wamama wa kwaya walikaa chini, wamefunga vitambaa kichwani. Katekista hakujua marehemu ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo aliandaa sala ya kutosha wote wawili. Wakaanza kuimba, kwanza polepole ili wasimsumbue, kama kibao kilivyoomba.

Donat alikuwa amelala usingizi mzito. Aliota yuko kwenye mazishi, na wimbo ulikuwa mtamu, akaufuata katika ndoto mpaka ukamwamsha. Akafungua mlango akiwa amevaa fulana na kaptula. Watu wote wakasimama. Domitille akamkumbatia, machozi yakimtoka.

"Pole, mwanangu. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Mwenye alikufa."

Donat alitazama kuni, viti, katekista, na mwanamke mmoja nyuma aliyekuwa tayari anagaragara. "Nani alikufa?" akauliza kwa sauti nyembamba, kwa sababu sasa yeye mwenyewe aliamini kuna msiba ambao kila mtu anaujua isipokuwa yeye. "Ni mama yangu? Semeni kweli!"

Ilichukua muda mrefu kuliweka jambo sawa. Liévin alipofika na kukiona kile kibao mkononi mwa Domitille, alikaa juu ya kuni na kushika kichwa. Donat naye alikasirika, akatamka maneno ambayo Waprotestanti hawayatamki. Halafu macho yake yakarudi kwa wale watu wote walioacha kazi zao kuja kumlilia mtu wasiyemjua, na hasira ikamwishia miguuni. Akakaa katikati yao. Kwa kuwa kuni zilikuwa zimeshaletwa, wakapika.

"Mi nimelala hoteli za Nairobi, nimelala za Kampala," aliwaambia wenzake baadaye. "Hakuna hata moja ambako wangekulilia kabla haujakufa."

Maneno hayo yalisafiri kuliko tangazo lolote. Wafanyabiashara wa Kivu wakawa wanauliza njia ya Kamalondo moja kwa moja. Baadaye wakaja wengine: padri Mbelgiji aliyetaka kujua watu wanaishije, wanafunzi wawili kutoka Lusaka waliolala kwa Hortense na kuogea katika bafu la mihogo, wakisifu harufu yake. Domitille alizunguka kutwa kutoka lupango hadi lupango, ua kwa ua, akihakikisha kwamba wa zamu hawajamwacha mgeni na njaa au na upweke. Alinenepa kidogo. Hata ugomvi wa Jumatatu na Hortense aliusahau mara mbili.

Miezi ikapita hivyo, mpaka Liévin alipokuja mbio siku ya sikukuu ya parokia, tai imempinda hadi sikioni. "Patron amerudi!"

Mwenye hoteli, Mgiriki mzee aliyezaliwa Lubumbashi na kuitwa na wote Patron Yorgo, alikuwa amevuka mpaka bila kutoa habari. Alikuwa amelala usiku uliopita kwa Domitille, kwenye zamu yake. Alifika usiku, watu wamekwisha kulala, akajitambulisha kama muuza ngano, naye Domitille akampokea bila kumjua. Liévin alikuwa amekutana naye asubuhi hiyo akiswaki uani, nusura azimie.

"Tufiche bintu!" akasema Hortense, akitafuta kanga ya kufunika bafu.

Lakini hapakuwa na nafasi. Chadrack alikuwa amekwisha kuyashona yale mapazia kuwa sare mpya ya kwaya, na wamama walikuwa wamezivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Patron Yorgo, aliyekuwa amekaa barazani na kikombe cha chai, aliinua macho na kuona mapazia ya mgahawa wake yakimjia katika mistari miwili, yakiimba, korongo wote wakitikisika kwa mwendo wa nyonga. Aliweka kikombe chini. Hakuna aliyethubutu kusimamisha wimbo, kwa hiyo wakaimba beti zote.

Wimbo ulipoisha, Domitille alitoka mstarini, naye akiwa na korongo tumboni.

"Patron, mi sikukujua jana. Ningekujua, ningekuambia hata jana. Ile kitanda ulilala ni ya kwako. Bilauri ni ya kwako. Hizi tunavaa ni za kwako. Ukisema, leo Mwaba na benzake batarudisha yote. Banajua njia."

Liévin alifumba macho. Patron Yorgo akamgeukia yeye, si Domitille.

"Liévin," alisema kwa Kiswahili cha mtu aliyekua Lubumbashi, "miaka yote ile mi nililala kwangu, sikulala hata mara moja mu hoteli yangu. Ile kitanda iko na ressort mu godoro inachoma apa, mu mbavu. Wageni hawakukuambia?"

"Walisema, patron."

"Na wewe?"

"Nilikuambia, patron. Ulisema banazidisha."

Mzee akasugua mbavu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na avenyu ikachukua muda kuelewa kwamba anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, Hortense akampiga mgongoni kwa bidii kupita kiasi. Alipopata pumzi akauliza kama ile sombe ya jana, yale majani ya muhogo, imebaki.

Alikaa Kamalondo juma zima. Alikwenda mara moja kulitazama jengo lake, akarudi amenyamaza, na jioni ile Domitille alikaa naye muda mrefu bila kumsemesha, jambo lililomgharimu kuliko kazi yoyote. Kabla ya kuondoka alimwambia Liévin avitunze vitanda kama kawaida, hadi hapo mambo yatakapotulia. Mambo hayakutulia. Ilisikika baadaye kwamba alifungua duka la mikate Ndola, na jengo likaja kukodiwa na watu wa maombi wasiohitaji vitanda. Liévin alibaki Kamalondo. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi. Hortense, aliyeanza kuvaa hereni siku za juma, hakusema kitu.

Mwaka uliofuata Donat akamwalika Domitille Butembo, aone naye jinsi ilivyo kuwa mgeni. Alisafiri kwa ndege ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya unga, akisali kwa sauti kushinda injini. Kule alikuta baridi, ukungu, vilima vya kabichi, na mke wa Donat, Laurentine, aliyempokea kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba Donat alikuwa ameueleza ukoo wake wote mpango wa Kamalondo, nao walikuwa wameupenda sana. Kila asubuhi nyumba nyingine ilikuja kumchukua. Kila nyumba ilimwekea viazi, maharagwe, kuku na maziwa, halafu mama mwenye nyumba akakaa mkabala naye, mikono mapajani, akimtazama kwa upendo mpaka sahani iishe.

"Nimeshiba, mama," Domitille alisema katika nyumba ya kwanza.

"Kidogo tu. Umetoka mbali."

Katika nyumba ya nne alijaribu kumpa mbwa chakula chini ya meza, lakini mbwa naye alikuwa ameshiba. Laurentine alipomwuliza kama kuna chochote kinachopungua, Domitille aliomba kwa unyenyekevu kitambaa cha ziada, kwa kuwa kile alichokuja nacho hakikuzunguka tena kiunoni. Wakamshonea kingine, kipana, kisha wakamwongezea siku tatu, maana ukoo ulikuwa haujaisha.

Siku ya kurudi walimsindikiza hadi uwanjani na magunia mawili ya viazi. Rubani alimtazama yeye, akayatazama magunia, akamwomba kwa heshima zote akae katikati kabisa ya ndege, wala asisogee mpaka watue.